Kaa Kumi na Wanane wa Médard

Jumamosi, 13 Aprili

Tumefika Anse Corossol na nyumba nzima mgongoni. Turubai mbili, mahema matatu, jiko la gesi, friji, meza ya jikoni, mapazia ya sebuleni. Rosan alitaka tuache mapazia. Nikamwambia mimi si mkimbizi. Nakuja kukaa pwani siku kumi na nitakaa kama mtu. Mume ana miaka thelathini ya ndoa na bado hajui wakati gani anyamaze.

Na Médard. Kaka yangu tulimfunga mkanda kiti cha mbele, mto huku, mto kule. Saa mbili za njia kutoka kwetu Lorrain, kaskazini mwa kisiwa, na hakulalamika hata mara moja. Mapajani amepakata kizimba cha kaa. Kumi na wanane. Amewalisha mwenyewe wiki tatu — nazi, pilipili, papai bichi — watoe uchafu wa matopeni kabla ya sufuria ya Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo kisiwa kizima hula kaa. Mtu asiyeweza kumaliza uji wake! Lakini kaa wake wanakula kwa ratiba.

Daktari alisema mwezi wa tatu: zimebaki wiki, si miezi. Alisema bila kuinua macho kwenye karatasi. Médard akaniambia palepale kwenye ukumbi wa hospitali, mbele ya mashine ya kahawa: "Linde, hapa usinirudishe. Nipeleke pwani kama kila mwaka. Jumatatu ya Pasaka nile kaa wangu, baada ya hapo Mungu apange anavyotaka." Nikasema ndiyo. Nikaapa kwa jina la mama.

Sasa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, naandika, na kichwani nina jambo moja tu. Siku tisa. Tufike Jumatatu ya Pasaka. Sitaki zaidi.

Jumapili, 14 Aprili. Matawi

Zébine amefika na mkewe na kabila lake la watoto. Jirani yetu wa pwani tangu mwaka 1988. Mwaka mzima hatuonani, Pasaka tunagawana kamba ya nguo. Amekuja na televisheni kubwa kuliko hema lake. Alimkuta Médard kwenye kitanda cha kukunja, akasimama kidogo, kisha akajitia hamnazo: "Mzee Médard! Mwaka jana ulinifunga domino mara kumi na moja. Naona umekonda. Ni dhambi hiyo inakutafuna." Médard akacheka mpaka akakohoa. Akamjibu kwamba hata maiti yake itamfunga, waiweke tu kwenye kiti.

Baadaye nilikwenda kutupa taka nikamkuta Zébine nyuma ya gari lake, ameegemeza paji la uso kwenye mlango. Nikapita kama sikuona. Afadhali yeye ana mahali pa kulilia. Mimi kila nikigeuka kuna mtu ananiuliza chumvi iko wapi.

Jumanne, 16 Aprili

Siku mbaya. Matone ya mofini, dawa ya maumivu, yamepanda mara mbili. Alikula vijiko vitatu vya mchuzi wa samaki, vikarudi vyote.

Mchana aliomba kizimba kisogezwe, awatazame kaa. Akaniuliza tuliwapata wapi. Anajua vizuri — kwa mtu wa kusini, maana wa mto wetu hawaliwi tena. Kuna tangazo darajani. Ule unga wa migombani, sumu ya kuua wadudu, umeshuka na mvua mpaka mtoni, mpaka matopeni. Médard aliumwaga miaka mingi kwa kikopo, shina baada ya shina, mikono mitupu. Hata glavu wenye shamba hawakuwapa. Jioni anarudi nyumbani mweupe mpaka kwenye nyusi, sisi tunamcheka tunamwita mwokamikate.

"Kaa wa kwetu hawaliwi," akasema, "na mimi siponi. Tumekunywa chupa moja."

Alisema kama mzaha. Sikuweza kucheka. Nilikwenda kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Nina hasira ya kuvunja kitu na hakuna wa kumpiga.

Jumatano, 17 Aprili

Gwladys amepiga simu tena. Binti yake Médard, wa pekee, yuko Créteil huko Ufaransa, muuguzi wa wazee. Baba hataki aambiwe. Anasema atakuja na sindano zake na kumfunga mirija kama mzigo. Basi mimi namwambia mtoto wa watu kwamba baba anapumzika, kwamba baba yuko pwani anapunga upepo. Leo aliomba aongee naye. Nikasema amelala. Médard alikuwa ananitazama, macho wazi kabisa.

Ukiapa kwa mmoja unalazimika kumdanganya mwingine. Hilo hakuna aliyenionya.

Alhamisi, 18 Aprili. Alhamisi Kuu

Shangazi Philomise ameletwa na watu wa kanisani. Dada wa marehemu baba, miaka themanini na minne, fimbo, kofia ya majani. Hata hakukaa, alianza kuzunguka turubai akigonga vigingi vya chuma kimoja kimoja. Ndivyo kila mwaka. Kigingi kisichoingia Alhamisi kabla jua halijazama hakiingii tena mpaka Jumamosi. Ijumaa Kuu chuma hakitoboi ardhi. Si jembe, si msumari. Bwana amelala humo. Ukichoma, damu inatoka. Ndivyo tulivyolelewa. Hata Zébine, ambaye kanisa analijua kwa nje tu, huficha nyundo yake chini ya kiti cha gari.

Upande wa bahari, kichwani kwa Médard, vigingi viwili vinacheza. Nilimwambia Rosan saa nane. Akasema anamaliza mkono huu wa domino. Nikamwambia saa kumi. Saa kumi na mbili na nusu jua limezama, na yeye bado ana mkono mzuri kuliko yote maishani mwake.

Anasema vitashika.

Ijumaa, 19 Aprili. Ijumaa Kuu

Havikushika.

Upepo ulianza alfajiri, mvua nyuma yake. Saa moja asubuhi turubai ya upande wa bahari iling'oka na kumwaga maji yote yaliyokuwa yamekaa juu yake — ndoo na ndoo! — kitandani kwa Médard. Alipiga ukelele. Kaka yangu nimemjua miaka hamsini na saba na sikuwahi kumsikia akipiga ukelele.

Rosan akakimbilia nyundo. Leo ndiyo ana haraka. Shangazi alikuwa amekwisha kusimama mbele yake na fimbo, akamwambia aiweke chini. Rosan akamwonyesha Médard anavyotetemeka. Shangazi akasema amemwona, macho anayo, na chuma hakiingii.

"Mna mikono," akasema. "Shikeni."

Basi tukashika. Rosan kamba moja, mimi moja, akaja Zébine na wanawe, wakaja watu wa mahema ya mbali ambao hata majina siwajui. Kamba moja tuliifunga kwenye bampa ya gari, nyingine kwenye friji. Watu kumi na wawili tumesimama mvuani tumeshika paa juu ya mgonjwa mmoja, tangu asubuhi mpaka mchana, kwa kupokezana. Wanawake walikuja na bajia za samaki wa chumvi wakatulisha mdomoni, maana mikono haina nafasi. Zébine akasema Bwana angekuwa na jamaa hawa asingehitaji kaburi, wangemshika hewani siku zote tatu. Shangazi akamwambia afunge domo lake. Na Médard, chini yetu, amevishwa nguo kavu na soksi zangu, akacheka.

Kwa muda mfupi — nakiri hapa — nilikuwa na furaha.

Saa tisa upepo ulitulia. Pwani nzima ikaenda Njia ya Msalaba, kijijini. Shangazi akasema mmoja abaki. Nikabaki.

Hawakufika hata kituo cha tatu. Upepo ukarudi, mkali kuliko wa asubuhi. Nilikuwa na kamba mbili, moja kila mkono, na ya tatu nimeizungusha kiunoni. Turubai ikaanza kupiga. Maji yakaanza kumwagikia miguu yake, kisha tumbo. Nikaita. Nani wa kunisikia? Wote wako msalabani. Meno ya Médard yalikuwa yanagongana, nayasikia kupita mvua. Ngozi na mifupa, na maji yanamwagika juu yake, na mimi nimesimama kama ng'ombe aliyefungwa.

Nikaachia kamba. Nikachukua nyundo. Vigingi vinne, mpaka vichwani.

Ilichukua dakika tano. Watu kumi na wawili siku nzima, na dakika tano! Turubai ikatulia, imekaza, maji yanapita pembeni kwa adabu. Nikamfuta, nikamfunika, nikadhani sasa ataniambia ahsante.

"Linde," akasema. "Leo?"

"Ulikuwa unalowa, kaka."

"Mimi ni wa kulowa." Akapumua kidogo. "Lakini leo, Linde?"

Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa na miaka sita, nachimba na kijiko cha bati uani siku kama ya leo, akakimbia kutoka jikoni akaninyang'anya na kulia kwa hofu. Sasa amegeuza uso upande wa bahari na hajaurudisha.

Nikavitoa. Kwa mikono, nimepiga magoti, vyote vinne. Kigingi cha mwisho kilipotoka, tundu likajaa maji mekundu. Najua. Chini ya mchanga huu kuna udongo mwekundu, watoto huuchimba na kujipaka usoni. Najua! Nimelifukia kwa mguu na kusimama juu yake.

Waliporudi walinikuta nimeshika kamba, viganja vimechubuka mpaka nyama. Wakanisifu. Shangazi alinipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, 20 Aprili

Homa. Thelathini na tisa na nusu.

Médard hasemi nami. Anaongea na Zébine, anaongea na Rosan — Rosan, mwenye domino zake! — anaongea na kaa. Mimi nikimpa maji anakunywa amefumba macho. Si hasira. Hasira ningeijua la kuifanya. Amekaa kama mtu aliyekwisha kupewa majibu yake. Asubuhi alimwambia Zébine, nami nasikia, kwamba nisihangaike tena na Jumatatu, haipo.

Ni mimi. Kama si kigingi, basi ni yale maji niliyomwachia yammwagikie nikichagua kati ya kamba na nyundo. Kwa vyovyote ni mimi. Nalizungusha hili tangu asubuhi na kila upande lina jina langu.

Nilikuwa namenya vitunguu, shangazi akaja akakaa karibu. Akasema nyundo ilikuwa na mchanga mbichi. Kisu kikasimama mkononi. Hakunitazama. Akasema mwaka aliokufa mama yetu, yeye alimshonea sanda Ijumaa Kuu, maana hapakuwa na mwingine wa kushona, na sindano nayo ni chuma. Akanipapasa goti, akaondoka.

Alitaka kunipa moyo. Lakini sindano haiingii ardhini, shangazi.

Saa tisa alasiri nikaona mwanamke anakuja mchangani na sanduku la magurudumu, magurudumu yanagoma, analiburuta kama maiti. Gwladys. Rosan ndiye aliyempigia, jana jioni. Amekwenda kujificha kwa Zébine. Ningefanya nini? Ningemwua, ningemshukuru, sijui.

Hakunisalimu. Alipiga magoti, akamshika baba yake mkono, akahesabu mapigo huku machozi yanamshuka, midomo inahesabu na machozi yanashuka. Kisha akanifuata jikoni.

"Shangazi, mmemleta baba yangu kufia mchangani?"

"Ndivyo alivyotaka."

"Na mimi nilitaka nini? Kuna aliyeniuliza?"

Akauliza alilowaje, nikasema turubai iling'oka. Ya nyundo sikuyataja. Akatoa simu awaite zimamoto waje na gari la wagonjwa, na mimi — aibu — sikumzuia. Médard ndiye aliyemwita kutoka kitandani. "Jumatatu, mwanangu," akasema. "Nikishakula." Asubuhi alikuwa ameitupa Jumatatu; binti amekuja, ameiokota.

Gwladys akairudisha simu mfukoni. Akasema homa ikivuka arobaini anawaita, kaa au si kaa. Ni haki yake. Ni binti yake. Mimi ni nani? Dada mtu, mwenye kiapo na nyundo.

Jumatatu, 22 Aprili

Hapana. Jumapili, 21 Aprili. Angalau hapa niandike ukweli.

Homa arobaini nukta tatu. Gwladys amewaita zimamoto saa mbili na robo. Wakamwambia barabara ya kusini imejaa, leo ni Pasaka, kisiwa kizima kinashuka pwani na masufuria yake. Watafika baada ya saa moja, labda na nusu. Alikuwa bado na simu sikioni Médard alipofumbua macho na kunitazama. Mimi. Mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Linde. Leo siku gani?"

"Jumatatu, kaka," nikasema. "Jumatatu ya Pasaka."

Sikufikiri. Ilitoka yenyewe. Gwladys akageuka na simu yake. Rosan akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini akajua wakati gani wa kuufunga.

Médard akasema, "Kumbe nimelala sana." Kisha akauliza kaa wako wapi.

Nimeanza kuua saa mbili na nusu. Nawapiga maji ya moto, nasugua, navunja magando, vidole vinauma, vidonda vya kamba vinaingia ndimu. Zébine hakuambiwa kitu na mtu, alisikia tu. Alizima televisheni iliyokuwa na misa ya Pasaka, akaenda hema kwa hema. Sasa kila anayepita anamwinamia Médard na kumtakia Jumatatu njema. Mtoto mdogo wa Zébine alianza kusema Jumapili, mama yake akamziba mdomo. Shangazi Philomise alikuwa amekwisha kuvaa nyeupe ya misa. Aliingia hemani, akatoka na gauni la maua, lile analovaa Jumatatu ya Pasaka miaka yote. Mwanamke ambaye hangeruhusu kigingi. Alikaa akaanza kuchambua mchele.

Gwladys alisimama mbali, mikono kifuani. Nilidhani atatutukana. Akaja akachukua kinu, akatwanga vitunguu saumu, akatwanga mpaka vikawa maji.

Saa tatu na nusu. Bizari imeingia, kaa wamekuwa wekundu, mchele nimeumimina ndani ya mchuzi. Unahitaji dakika ishirini. Naandika nikikoroga. Siwezi kusimama bure, nikisimama bure nitaanguka.

Gari linaonekana juu barabarani. Halina king'ora. Linatambaa nyuma ya magari ya watu wenye boti za mpira na mahema.

Wamefika. Wawili, viatu vizito, machela. Mmoja, kijana wa huku kusini, wa Rivière-Pilote kwa lafudhi yake, alinusa hewa, akaniuliza kaa Jumapili, mama, mbona mapema? Zébine akamshika mkono akampeleka pembeni. Amerudi amevua kofia. Ameniambia dakika kumi, zaidi hawezi, ana wengine.

Wali bado unahitaji dakika kumi na tano.

Sikungoja wali. Nimetoa gando moja, lile kubwa, nikalivunja kwa meno kama mama alivyokuwa akituvunjia, nikalipoza kwa pumzi. Nyama kidogo tu, kama ukucha wa kidole gumba. Nikaiweka mdomoni mwake. Midomo imekauka hivyo! Lakini akaifungua. Akaishika nyama kwa ulimi, na akanitazama.

"Jumatatu kweli, Linde?"

Nilisema uwongo ule mara moja. Mara ya pili haukutoka.

Gwladys ndiye aliyejibu. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili. "Jumatatu, baba," akasema. "Kula."

Nimekuja hapa mezani kwa sababu siwezi kutazama. Wale wawili wamesimama na machela, mmoja anaangalia saa, mwingine anaangalia bahari. Rosan ameshika kamba ya turubai ingawa hakuna upepo wowote. Sufuria inachemka na hakuna anayeikoroga. Nyama iko mdomoni, hajatafuna. Gwladys amemwekea vidole viwili kooni kwa nje, kama wanavyofanya wauguzi, anangoja koo lipande. Hajaniita bado.

Meza, kaka. Meza tu.